Siku Moja Hell's Gate, Wewe na Baiskeli

Leo tuzungumze kuhusu kusafiri peke yako, na nimechagua mahali pamoja tu pa kuzungumzia, maana mambo ya jumla hayamfanyi mtu akafunga mkoba akaondoka. Mahali penyewe ni Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, kule Naivasha katika kaunti ya Nakuru, takribani kilomita 90 kutoka Nairobi. Unaondoka alfajiri, unarudi jioni, na gari huhitaji.

Hilo la gari ndilo kubwa. Katika mbuga zetu nyingi, kushuka garini pasipo ruhusa ni kosa. Basi asiye na gari, wala jamaa wa kuchangiana naye mafuta, huziona mbuga za nchi yake kwenye kalenda ya ukutani na kwenye televisheni. Hell's Gate, iliyotangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka 1984, ni miongoni mwa chache mno ambamo mtu anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga. Si kubwa, ni kilomita za mraba 68 hivi. Ndovu hawamo, na simba si wakazi wake wa kawaida. Chui wapo ila hujificha. Nyati wapo pia, na habari ya nyati nitakuja kuieleza.

Mimi naiona mbuga hii kuwa miongoni mwa mali za umma zenye thamani kubwa tulizo nazo. Mwanafunzi anaweza kwenda. Mlinzi wa usiku akipata siku yake ya mapumziko anaweza kwenda. Mwanamke aliyechoka kungoja marafiki ambao kila mwezi wanasema watakwenda mwezi ujao, naye anaweza kuamka siku moja akaenda zake. Natamani wengi zaidi waende, ndiyo sababu nimeketi mbele ya kipaza sauti hiki.

Njia haina mambo mengi. Matatu za Naivasha zinatoka katikati ya jiji. Nyingine zinapita juu kwa Limuru na Kinungi, nyingine zinateremka ukingo wa Bonde la Ufa kwa Mai Mahiu, penye kikanisa kidogo kilichojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Naivasha mjini unabadilisha gari, unashika matatu ya barabara ya kusini mwa ziwa, unapita mashamba ya maua na paa zake za plastiki, na unamwambia kondakta akushushe kwenye njia panda ya Hell's Gate.

Hapo utawakuta vijana wa baiskeli kabla mguu wako haujagusa lami. Usiharakishwe. Inua gurudumu la mbele ulizungushe, uone kama limepinda. Bana breki zote mbili. Panda, zunguka kidogo, badilisha gia huku unakanyaga. Uliza pampu iko wapi na kama kuna viraka, kwa sababu miiba ya migunga haimjui mgeni, na ukipata pancha ndani ya mbuga hakuna fundi utakayemwona barabarani. Mtu aliye peke yake hana wa kumwachia mzigo akakimbilia msaada. Dakika 10 za kukagua baiskeli zitakupa utulivu wa siku nzima.

Kutoka njia panda hadi Lango la Elsa ni mwendo wa kilomita mbili hivi. Elsa alikuwa simba jike aliyelelewa na Joy na George Adamson, na nyumba ya Joy, Elsamere, ingali ukingoni mwa Ziwa Naivasha. Langoni beba kitambulisho chako, na ujue kwamba malipo si ya pesa taslimu. Kisha kizuizi kinainuliwa, na mbele yako barabara ya vumbi inaingia moja kwa moja kati ya kuta mbili za mwamba.

Kuta hizo ni ndefu, nyekundu kwa kahawia, zimepasuka wima kuanzia juu hadi chini. Kati yake kuna uwanda wa nyasi, na juu ya nyasi wanyama wanalisha kana kwamba barabara si yao kuihangaikia. Kongoni watainua vichwa. Swala watasogea hatua chache. Ngiri atakimbia mkia juu, na watoto wake nyuma yake. Ukisimamisha baiskeli ukaweka mguu mmoja chini bila kusema neno, baada ya muda watarudi kula. Hapo ndipo faida ya kuwa peke yako inapoanza. Ukiwa na wenzako, nusu ya macho yako iko kwao: nani amechoka, nani anataka picha, nani amebaki nyuma. Ukiwa peke yako unasikia pundamilia anavyong'oa nyasi. Unasikia upepo unavyoingia kwenye vichaka vya leleshwa, na ukikwanyua jani moja la leleshwa ukalisugua kiganjani, jani la kijivu lenye vinyweleo laini, linatoa harufu kali ya kafuri ambayo inakaa mkononi hadi unapopata maji ya kunawa.

Angalia na juu. Miamba hii imekuwa kwa miaka mingi makazi ya tai wa aina ya Rüppell, ndege wazito wenye mabawa mapana, ambao huweka viota vyao kwenye vibaraza vya mawe mahali ambapo hakuna mtu wala mnyama wa kuwafikia. Tai wa aina hii ndiye anayeshikilia rekodi ya ndege aliyeruka juu kuliko wote: mwaka 1973 mmoja aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, kwenye kimo cha zaidi ya mita 11,000. Tangu 2015 spishi hii imewekwa katika orodha ya walio kwenye hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na sababu mojawapo kuu ni sumu. Mfugaji akiua fisi kwa mzoga uliotiwa sumu, tai wote walioteremka kwenye mzoga huo wanakufa pamoja na fisi huyo. Kwa hiyo ukimwona tai mmoja anazunguka juu ya Hell's Gate, simama umtazame vizuri.

Karibu na lango kuna jiwe limesimama peke yake uwandani, lenye urefu wa mita 25 hivi. Linaitwa Fischer's Tower. Ni lava iliyogandia ndani ya koo la volkano. Udongo laini uliolizunguka ukamomonyoka, jiwe likabaki. Pumzika hapo, lakini funga mkoba wako, kwa sababu pimbi wamezoea wageni. Nakuomba umtazame pimbi kwa karibu, maana watu wengi humpita wakitafuta twiga. Ni mnyama wa ukubwa wa sungura, mnene, hana mkia unaoonekana, na asubuhi yote anaota jua juu ya mwamba kwa sababu mwili wake hauwezi vizuri kujitunzia joto. Nyayo zake ni laini na zina unyevunyevu unaomsaidia kung'ang'ania jiwe, ndiyo sababu unamwona akipanda mahali ambapo wapanda milima huja na kamba. Akipiga mwayo utaona meno mawili ya mbele ya juu, marefu, ambayo hayaachi kukua. Jamaa zake wa karibu zaidi katika ukoo wa wanyama ni ndovu na nguva.

Wamaasai wa sehemu hizo wanasimulia kwamba jiwe hilo ni bibi harusi aliyekatazwa kugeuka nyuma wakati anapelekwa kwa mumewe, naye akageuka kutazama nyumbani kwao. Lakini ramani inalitaja kwa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika Naivasha mwaka 1883. Mwaka huo huo alipita Joseph Thomson, Mskoti. Fischer alianzia safari Pangani, Thomson alianzia Mombasa, na wote wawili walibebewa mizigo na watu wa pwani. Thomson alisafiri sehemu kubwa ya Umaasai akiandamana na msafara wa Jumba Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyeijua njia hiyo vizuri kabla Mskoti yule hajaiona. Misafara ya Waswahili ilikwisha kupita Naivasha kwenda Baringo kutafuta pembe za ndovu. Hakuna jiwe mbugani lenye jina la Kimameta. Nayataja haya kwa sababu vitabu vya shule vilitufundisha habari za wapelelezi kana kwamba kila mmoja alitembea na dira yake peke yake, na kumbe kila mmoja alifika kwa sababu kulikuwa na mtu wa mbele aliyejua maji yako wapi na nani wa kuamkiwa kwanza. Safari ya peke yako ni nzuri, nami naipenda, lakini Hell's Gate ina mahali ambapo upweke lazima uishie, na ndipo tunapoelekea sasa.

Ukiendelea na barabara, ardhi ikiteremka pole pole, baada ya kilomita saba au nane kutoka langoni unafika kwenye kituo cha askari wa wanyamapori. Chini yake ndiko kuna korongo lenyewe, Ol Njorowa. Ili ulielewe, rudisha fikira nyuma takribani miaka 9,000. Enzi hizo Afrika Mashariki ilikuwa na mvua nyingi mno. Ziwa Naivasha lilikuwa juu kuliko lilivyo sasa kwa mita 100 au zaidi, likajaa hadi likakosa pa kwenda, likafurika upande wa kusini. Maji hayo ndiyo yaliyokata njia katika lava na majivu ya volkano, mwaka hadi mwaka, mpaka yakachimba mfereji huu. Mvua zilipopungua, ziwa likashuka, mto ukafa, mfereji ukabaki. Leo Ziwa Naivasha halina mto wowote unaotoka juu ya ardhi, ila maji yake bado ni baridi yasiyo na magadi, kwa sababu yanapenya na kuondoka chini kwa chini.

Majivu yenyewe yanasomeka ukutani. Kuna tabaka jeupe, juu yake la kijivu, kisha la manjano ya udongo, kisha mstari mwembamba wa kokoto nyepesi zenye vitundu, kila tabaka na mlipuko wake. Longonot, mlima ulio jirani, ulilipuka mara ya mwisho katika karne ya 19. Chini miguuni utaona vipande vyeusi vinavyong'aa, jiwe la volkano lililoganda likawa kioo. Watu wa kale walilichonga wakapata visu na ncha za mishale, na wataalamu wa akiolojia wamefuatilia vipande kutoka maeneo ya Naivasha hadi kaskazini mwa Tanzania. Viache pale pale vilipo.

Sehemu za chini, korongo linakuwa jembamba hadi ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Mwamba umelainishwa na maji, umepindwapindwa, na mwanga unaingia kwa juu katika utepe mmoja. Mahali fulani maji ya moto yanachuruzika ukutani na kuacha michirizi ya kijani na ya kutu. Mwenyeji atakuonyesha pa kuweka kidole na pa kutoweka. Watengenezaji wa filamu ya Tomb Raider iliyotoka mwaka 2003 walipiga picha humu, na ukiingia unaelewa kwa nini.

Sasa nisikilize vizuri. Aprili 2012, kundi la vijana wa kanisa kutoka Nairobi lilikuwa ndani ya korongo hili wakati maji yalipokuja ghafla. Vijana 7 walikufa. Septemba 2019 yakatokea tena: watu 7 wakasombwa, watalii pamoja na mwongozaji wa huko huko. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likalifunga korongo kwa wageni.

Inavyotokea ni hivi. Mvua inanyesha mbali, juu vilimani, wakati wewe huku chini una kipande cha anga la buluu kichwani. Majivu ya volkano na mwamba mtupu havinywi maji upesi, basi maji yote yanateremka kwa pamoja kwenye vijito vikavu, na vijito vyote vinaishia kwenye mfereji huu mwembamba. Penye uwanda, maji yangetandaa yakafika magotini. Penye kuta zinazokaribiana, maji hayo hayo hayana pa kutandaa ila kupanda. Yanakuja na mawe na magogo. Mtu aliye ndani ana dakika chache, na kama hajui wapi pana mpasuko wa kupandia, dakika hizo hazimsaidii. Korongo lilichimbwa na maji, na maji hayajasahau njia yake.

Kwa hiyo langoni, siku hiyo hiyo, uliza kama sehemu ya chini inaingilika, na usiingie ila na mwongozaji wa pale. Wengi wao ni vijana wa Kimaasai waliokulia kwenye vilima hivi wakichunga. Niliyekwenda naye alisimama kwanza juu ya ukingo, akatazama upande wa vilima muda mrefu, akapiga simu moja, akazungumza Kimaasai. Nikamuuliza alikuwa akimpigia nani. Akaniambia, "Dada, kuna ndugu yangu yuko na ng'ombe kule juu. Kule kukiwa na mawingu, hapa hatushuki, hata ukiniongeza pesa." Tulipokuwa chini alinionyesha kila mahali pa kutokea kabla hajanionyesha kitu kingine chochote.

Hii simu ya mchungaji ndiyo ninayotaka tuifikirie. Vifaa vya kupima mvua vipo. Ving'ora vipo. Mitandao ya simu inafika huko juu. Watu 14 wamekwisha kufa kwa namna ile ile, mahali pale pale, miaka saba ikipita kati ya mkasa na mkasa. Mbuga inayokusanya ada kwa kila anayeingia inastahili kuwa na mtu juu vilimani ambaye kazi yake, inayolipwa mshahara, ni kutazama mvua na kumwarifu askari aliye chini. Isiwe ni hisani ya ndugu wa mwongozaji. Waongozaji nao wanastahili mafunzo, kamba, na bima. Mmoja wao alikufa mwaka 2019 akiwa kazini pamoja na wageni wake.

Ukitoka korongoni utaona mvuke mweupe unapanda nyuma ya vilima. Huko ni Olkaria. Mwaka 1981 Kenya iliwasha huko mtambo wake wa kwanza wa umeme wa jotoardhi, na leo mabomba ya rangi ya fedha yanapita juu ya ardhi, yakipinda kuwa matao makubwa ili wanyama wapite chini yake. Wapo wanaosema mabomba yanaharibu sura ya mbuga. Mimi moyo wangu umegawanyika: taa iliyo juu ya meza hii huenda inawaka kwa mvuke ule, na ni umeme usiotegemea mvua wala mafuta ya kununua nje. Lakini mwaka 2014 familia za Kimaasai zilihamishwa kupisha mradi wa Olkaria IV, na baadhi ya wakazi wakapeleka malalamiko yao hadi Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Anayepanda baiskeli kupitia hapo ajue kwamba ardhi hii ina wenyewe, na wengine kati yao ndio hao wanaomwongoza korongoni.

Nilikuahidi habari ya nyati. Hatari zaidi ni dume mzee aliyeachana na kundi, anayejilaza kwenye vivuli vya leleshwa. Ukimwona yuko karibu na barabara, simama mbali. Usimpigie kelele, usijipenyeze kati yake na kichaka, usipige picha ya kujionyesha. Ngoja gari lipite au waendesha baiskeli wengine wafike, mpite pamoja. Nimewahi kungoja hivyo hadi jua likabadilisha upande, na sikuona kuwa muda ule ulipotea. Na nyani kwenye sehemu za kupumzikia wana macho makali. Mandazi yako yakae ndani ya mkoba uliofungwa.

Kurudi ni kupanda. Ni mwinuko mdogo ambao asubuhi hukuuhisi kwa sababu ulikuwa unateremka, na sasa miguu ina vumbi na chupa ya maji imepungua. Beba maji zaidi ya unayodhani yatakutosha, na uanze kurudi mapema, maana lango linafungwa saa kumi na mbili jioni na matatu za kwenda Nairobi hazikungoji. Kabla hujaondoka nyumbani mwambie mtu mmoja unaenda wapi na utarudi saa ngapi, na ukifika njia panda jioni mtumie ujumbe. Dada zangu mnaoniuliza kama mwanamke anaweza kwenda huko pekee: anaweza, wanaenda, nami nakwenda.

Na mkikuta korongo limefungwa kwa sababu ya mvua, msimbembeleze askari. Geuzeni baiskeli mrudi uwandani. Kuta za juu, tai na pimbi wanatosha siku nzima. Wiki ijayo, saa kama hii, tutapanda Longonot. Kwaherini.